Wasee, ule ufa kwenye kichwa changu haukuwa ufa

Leo hakuna vidio. Leo naandika, kwa sababu nikijirekodi nitaanza kuchekesha watu, na hii stori nimeichekesha vya kutosha.

Mnakumbuka ile vidio yangu iliyosambaa kuliko zote? Ile nimefungwa bendeji, nimeinua filamu ya eksirei kwenye dirisha la kukhu hapa Mayoni, nasema "oneni wenyewe, fuvu limepasuka katikati." Watu walilia kwenye komenti. Wengine wakatuma pesa. Wengine, kwa sababu hii ni Kenya, wakaandika kwamba komwe kubwa hivyo lazima lingepasuka tu siku moja. Sawa, nilicheka pia.

Basi ule mstari mlioona si ufa. Nilizaliwa nao. Nimejua hivyo kwa zaidi ya mwaka mmoja na sikuwaambia.

Ilikuwa jioni, msimu wa miwa. Mkaaji wa huku anajua ile barabara ya Mumias kwenda Bungoma ikifika giza: trela za miwa zinasimama popote, hazina taa, hazina kitu cha kung'aa nyuma. Mimi nilikuwa nyuma ya boda, natoka Mumias. Jamaa wa boda akaona trela tukiwa tumeshafika. Alikata kushoto, tukaenda chini kwenye changarawe. Yeye alichunwa kiwiko. Mimi nilipiga uso, nikazima kwa muda, nikaamka kichwa kizima ni damu.

Nilipopelekwa, nilishonwa nyuzi saba na nikapigwa eksirei ya kichwa. Aliyekuwa zamu akainua filamu kuelekea mwanga. Kulikuwa na mstari mweusi mwembamba, umeanzia katikati ya nyusi na kupanda hadi juu kwenye nywele. Akasema, "Hii ni ufa." Hakuandika ripoti. Alisema tu, na kwenye kadi akaandika maneno mawili matatu.

Neno moja, wasee. Kila mtu kwenye kile chumba alilirudia, kwa Kiswahili, kwa Kiluhya, kwa simu. Likifika kwa senje wangu Nairobi, kichwa changu kilikuwa vipande viwili. Mama akatoa ile methali mnayoijua, usipoziba ufa utajenga ukuta, na asubuhi yake mtamba wetu ukauzwa. Pesa ya semesta iliyokuwa imekaa kwenye chama ikatolewa. Mimi nikiwa kitandani nikafanya kazi yangu: nikarekodi vidio, nikaweka nambari ya M-Pesa.

Wiki ya tatu ndiyo tulifika Eldoret kwa skani ya CT. Tulikaa nje tukingoja kuambiwa gharama ya upasuaji. Daktari wa picha, mama wa makamo, akatuita ndani na kugeuza skrini tuione. Akamwambia mama, "Mama, huyu kijana hajapasuka. Huyu mifupa yake ilisahau kuungana." Kisha akaongeza, "Ni mshono, si ufa. Hata wewe ulikuwa nao ukiwa mtoto."

Mama alinyamaza kitambo. Halafu akauliza, "Na mtamba wangu?"

Sasa hebu niwaeleze huo mshono, kwa sababu nimesoma kuuhusu kuliko nilivyosoma kitu chochote chuoni.

Fuvu si bakuli moja. Ni mifupa kadhaa iliyoshikana kwa mistari inayoitwa mishono, na ukiitazama kwenye fuvu kavu inafanana kweli na mshono wa nguo, imepindapinda kama meno ya msumeno. Mtoto akizaliwa mifupa hiyo bado imeachana kidogo. Hiyo ndiyo sababu kichwa kinaweza kubanwa kidogo wakati wa kuzaliwa, na hiyo ndiyo sababu utosi wa mtoto ni laini na kukhu anakukemea ukiushika vibaya. Mfupa wa paji la uso wenyewe huanza ukiwa vipande viwili, wa kulia na wa kushoto. Kati yao kuna mshono unaoitwa mshono wa metopiki, kutoka neno la Kigiriki la paji la uso. Kwa watoto wengi huanza kufunga wakiwa na miezi kama 3, na kufikia umri wa miaka 2 umeshapotea, paji limekuwa mfupa mmoja.

Kwa watu wengine haupotei. Mtu anakua, anaota ndevu, anaenda chuo, anaacha chuo, na mshono bado upo. Hauumi. Haupunguzi akili (najua mnachotaka kuandika kwenye komenti, msiandike). Hauhitaji dawa. Idadi ya watu walio nao inatofautiana kati ya jamii na jamii. Tafiti nyingi zinatoa asilimia chini ya 10, na kwenye vitabu vya zamani Waafrika waliwekwa chini kabisa kwenye orodha. Mimi hapo nina swali langu dogo: mtu akifundishwa kwamba kitu fulani kwa watu wake ni nadra sana, siku akikiona si ataona kitu kingine?

Na kuna jinsi ya kutofautisha. Yule daktari alituonyesha kwa kalamu. Mshono wa metopiki unakaa katikati kabisa, kutoka mzizi wa pua hadi pale utosi ulipokuwa. Unapindapinda. Kingo zake ni ngumu na nyeupe, kwa sababu mfupa umekaa hivyo miaka yote. Ufa mpya kwa kawaida umenyooka zaidi, ni mweusi zaidi, kingo zake ni kali na hazina ule weupe, na hauheshimu katikati, unakata popote pigo lilipoelekea, wakati mwingine unavuka mishono yenyewe. Shida ni kwamba kwenye eksirei ya kawaida kila kitu kinalaliana, mbele na nyuma ya kichwa viko kwenye karatasi moja. Mshono unaweza kuonekana umenyooka kabisa. Na mimi nilikuwa na jeraha la nje papo hapo juu ya mstari. Nikiwa mkweli, hata mimi ningesema ni ufa.

Ndiyo maana simchukii yule aliyesema. Wengi mliniambia nimtaje, nitaje na hospitali. Sitaji. Alikuwa peke yake usiku, na kosa lake lina historia ndefu kuliko Kenya. Hippocrates, yule Mgiriki ambaye kila daktari anatajiwa jina lake, kwenye maandishi yanayobeba jina lake kuna mgonjwa aliyepigwa jiwe kichwani na akafa, na mwandishi anakiri wazi kwamba mishono ya fuvu ilimdanganya. Mwandishi wa Kirumi Celsus baadaye alimsifu kwa hilo, kwamba mtu mkubwa ndiye anaweza kusema "nilikosea." Lakini sikilizeni vizuri, kosa lake lilikuwa kinyume na langu. Yeye aliona ufa akadhani ni mshono. Kwa hivyo msitoke hapa mkisema mistari yote ya kichwa ni ya kuzaliwa.

Na si Wagiriki tu. Kisii, saa chache kutoka hapa, kulikuwa na wataalamu wa kienyeji walioitwa omobari, ambao walipasua ngozi ya kichwa na kukwangua mfupa kwa watu waliopigwa kichwani na wakabaki na maumivu yasiyoisha. Daktari wa akili Edward Margetts, aliyefanya kazi Mathari, aliandika kuwahusu miaka ya 1960. Nikifikiria mtu ameinama juu ya mfupa mtupu, hana eksirei, hana umeme, na anatakiwa kujua huu mstari ni wa Mungu au ni wa rungu, namwonea huruma. Swali ni lilelile. Sisi tumeongeza mashine tu.

Mashine ndiyo inanileta kwenye maoni yangu, maana mlikuja kwa maoni.

Sisi kizazi hiki tunaamini picha kupita kiasi. Ukionyeshwa picha ya ndani ya mwili wako, imekwisha, hiyo ni hukumu. Lakini picha haisemi kitu. Mtu ndiye anasema. Mwaka 2015 serikali ya taifa ilianza ule mpango wa kukodisha vifaa vya hospitali kwa kaunti, na vifaa vya picha vilikuwa ndani. Nilikuwa shule ya msingi, nakumbuka wanasiasa wakikata utepe. Hakuna aliyekata utepe wa msomaji. Mashine inapiga picha kwa sekunde chache. Mtu wa kuisoma anamaliza udaktari miaka kama sita, anafanya intanshipu, kisha anarudi darasani tena miaka kadhaa kusomea picha peke yake. Ukinunua ya kwanza bila ya pili, umenunua njia ya haraka ya kuogopesha watu.

Na hata huyo msomaji anahitaji kujua vichwa vya watu wake. Hapo nitawasifu watu. Wanaanatomia wa Chuo Kikuu cha Nairobi walichapisha mwaka 2009 utafiti kuhusu mishono ya mafuvu ya Wakenya watu wazima, sehemu mbili hasa, pterioni na asterioni. Pterioni iko hapo kwenye panja, mifupa minne inapokutana. Kwa watu wengi mifupa miwili fulani ndiyo inayogusana, kwa wengine ni ile miwili mingine, na wengine wana kimfupa cha ziada kimejipachika katikati kama kiraka. Unaweza kusema, nani anajali? Jali, kwa sababu chini ya hapo kuna mshipa mkubwa wa damu. Jamaa akianguka na boda bila helmeti na mshipa huo ukachanika, daktari wa upasuaji anatumia alama hizo kujua atoboe wapi, na dakika zinahesabika. Kimfupa cha ziada kwenye picha kinaweza pia kuonekana kama kipande kilichovunjika. Vimfupa hivyo vya kwenye mishono vinaitwa vya Worm, kutoka kwa Ole Worm, Mdenmaki wa karne ya 17. Mtu mwenye vichache hana shida. Vikiwa vingi sana kwa mtoto, madaktari huangalia kama ana ugonjwa wa mifupa inayovunjika ovyo. Kwa hivyo tena, si kila kitu ni "kawaida tu."

Halafu kitu kinachoniudhi zaidi: wakati wote ule tulikuwa tunashangaa mstari, hakuna aliyeniuliza kuhusu ubongo. Eksirei ya kawaida haionyeshi ubongo. Haionyeshi damu iliyovuja ndani. Mtu anaweza kuwa na ufa mdogo na akawa sawa, na mwingine hana ufa wowote na damu inamjaa kimyakimya. Nilitapika mara mbili usiku ule. Kukhu ndiye aliyekaa macho akiniamsha kila saa, si kwa sababu ya filamu, ni kwa sababu aliwahi kumwona mtu akilala na asiamke. Mtu akiumia kichwa halafu anatapika, anasinzia sinzia, anachanganyikiwa, mboni ya jicho moja imekuwa kubwa, au maji maji yanatoka puani au sikioni, mpelekeni hospitali usiku huohuo, achaneni na vidio.

Sasa sehemu niliyokuwa naizungukazunguka.

Yule jamaa wa boda. Tulimlipisha.

Siku ya tatu baada ya ajali wajomba wangu wawili walienda kwenye steji na ile filamu. Walimwambia mtoto wa watu amenipasua fuvu, na tukijaza fomu ya P3 ataona kilichomtoa kanga manyoya. Yeye ni wa hapa hapa, ana miaka kama yangu, pikipiki si yake, analipa mwenyewe kila siku. Akatoa elfu kumi na tano kwa awamu tatu. Awamu ya tatu alitoa wiki mbili baada ya sisi kutoka Eldoret. Naomba msome hiyo sentensi tena, kwa sababu mimi nimeisoma mara nyingi. Tulikuwa tunajua. Nyumbani kulikuwa na kikao, na hoja ikawa kwamba jeraha la nje lilikuwa la kweli, nyuzi saba ni nyuzi saba, na mtamba umeshaenda. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa na simu mkononi, nikijibu komenti za "pona haraka."

Siwezi kusema jeraha halikuwa la kweli. Lakini hakulipa kwa ajili ya nyuzi saba. Alilipa kwa ajili ya ufa. Na kama angekuwa mbishi na tungeenda polisi, ule mstari ungeingia kwenye karatasi ya serikali kama mfupa uliovunjika, na kijana angesimama mbele ya hakimu kwa sababu ya kitu nilichozaliwa nacho. Nikifikiria ni wangapi wamesimama hivyo, usingizi unaisha.

Na nyinyi pia niliwalipisha. Ile nambari ya M-Pesa ilileta elfu ishirini na tatu na mia kidogo. Nyingi zilienda kwa skani na usafiri, risiti ninazo. Zilizobaki sikurudisha. Sikusema uongo nikirekodi, nilisema nilichoambiwa. Uongo ulianza siku tulipotoka Eldoret na nikaamua kwamba vidio ya "kumbe niko sawa" haitapata watazamaji. Hiyo ndiyo hesabu niliyopiga, wasee, nikiwa kwenye matatu, kabla hata hatujafika Turbo. Kumbe ningechoma picha siku hiyo, nicheke nao, iishe.

Kuna watakaosema, sasa unatufundisha tusiamini madaktari. Hapana. Aliyenipa ukweli ni daktari. Ninachosema ni mwulize anayekuonyesha picha: umeisoma wewe au kuna mtu wa picha aliyeisoma? Ripoti iko wapi? Filamu bila ripoti ni kama cheti cha kuzaliwa kisicho na jina. Ukiambiwa kuna ufa, uliza kama unaweza kuwa mshono. Hilo swali dogo halimkosei mtu heshima, na siku hizi picha inaweza kutumwa kwa simu ikasomwa na mtaalamu aliye mji mwingine kabla chai haijapoa. Omba nakala yako na uiweke. Mimi yangu iko kwenye bahasha chini ya godoro, pamoja na kitambulisho, ili siku nikianguka tena asitokee mtu wa kuuza ng'ombe mwingine.

Na kwa wenzangu wa kontenti: acheni kusoma eksirei za watu mtandaoni. Kuna mtu ana wafuasi wengi anazungushia mistari duara jekundu na kusema "huyu alipigwa utotoni" au "huyu si binadamu wa kawaida." Ndugu, hata nafasi zenye hewa ndani ya paji la uso hazifanani kwa watu wawili. Hazifanani kiasi kwamba tangu miaka ya 1920 zimetumika kutambua maiti, kwa kulinganisha picha ya zamani na mpya. Mwingine ana upande mmoja tu, mwingine hana kabisa, na wote wanakula ugali vizuri. Huyo binadamu wa kawaida unayemtafuta kwenye hiyo duara yako hajawahi kupigwa picha.

Kuhusu chuo, wengi mnaamini niliacha kwa sababu ya ajali. Niliwaacha mwamini. Ukweli ni kwamba semesta moja ilienda na pesa ya CT, lakini zile zingine ni mimi. Nilikuwa nimeshachoka kozi kabla ya kuanguka. Mshono una makosa yake, hilo si lake.

Jumamosi iliyopita nilienda steji. Nilimpata jamaa amekaa juu ya pikipiki, anakula mahindi ya kuchoma. Nilimweleza yote, nikatoa elfu tisa, ndizo nilizokuwa nazo. Alizihesabu, akaziweka mfukoni, akakaa kimya kama mama kule Eldoret. Halafu akaniuliza, "Kwa hivyo wajomba wako walijua?" Nikasema walijua. Akasema, "Na wewe?"

Nikasema na mimi.

Amebaki kunidai elfu sita. Nitampa ya mwisho mwezi ujao, mchana, wenzake wakiwepo, kwa sababu wajomba walipoenda na filamu wenzake walikuwepo. Ile vidio ya zamani sijaifuta, nitaibandikia hii juu yake. Na wewe uliyenitumia pesa ukadhani kichwa kimepasuka, ukitaka yako nitumie ujumbe na tarehe uliyotuma. Nitarudisha kidogokidogo, kwa kufuata orodha ya M-Pesa, nikianza na wale waliotuma mbao na soo, maana hao ndio hawakuwa nazo.